Kompyuta Iliyozimika Tukiandika Wasifu wa Babu

Msimu wa kuuza pamba, nyumba yetu ya Bariadi ilinuka magunia na vumbi. Ghala la ununuzi lilikuwa ng'ambo ya barabara, na kila lori lilipopakiwa, nyuzi nyeupe zilivuka na kutua kwenye mapazia, kwenye nywele, hata juu ya uji. Chumba cha mbele baba mdogo Masanja, kitinda mimba wa bibi, alikigeuza kuwa steshenari: kompyuta moja ya mezani, printa na mashine ya kutoa kopi. Watu walikuja kuchapa barua za kuomba kazi na kadi za harusi, naye aliwahudumia kwa madaha ya daktari bingwa. Kazi aliihifadhi mwishoni kabisa, akishamaliza kila kitu. Hakuona sababu ya kufanya hivyo mapema.

Nilikuwa darasa la nne msimu ambao babu alifariki. Steshenari ilifungwa, turubai likafungwa uani, na bibi akaketishwa kwenye godoro katika chumba cha nyuma, kilichotenganishwa na cha mbele kwa pazia tu. Maziko yalikuwa kesho yake mchana, na wasifu wa marehemu ulikuwa haujaandikwa. Kazi hiyo alipewa baba mdogo. Kwa kuwa mambo ya zamani hakuyajua, aliuliza maswali akiwa mbele ya kompyuta, na bibi akajibu kutoka nyuma ya pazia. Mimi niliketi kizingitini, kwa sababu penginepo pote palijaa wageni.

Bibi alisimulia taratibu: babu alivyohama Zagayu na ng'ombe wa baba yake, alivyofyeka shamba la kwanza, alivyomwoa yeye. Wakafika kwenye watoto. Bibi alisema saba. Baba mdogo alisema kwa upole kwamba wako sita, akawataja mmoja mmoja, akaandika sita. Bibi akamtaja Kabula, mtoto wake wa kwanza, aliyefariki angali mchanga kabla ya kubatizwa. Baba mdogo akaeleza kwamba hao hawatajwi, watu wangeshangaa makaburini. Hapo kompyuta ikazimika. Kioo kikawa cheusi na wasifu wote ukapotea.

Alisema umeme umekatika. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake, kwa hiyo akahamishia lawama kwenye ekstensheni. Akachomeka waya moja kwa moja ukutani, akawasha, akamwomba bibi aanze upya. Bibi akaanza upya, safari hii akiongeza habari za ndama aliyefia njiani, na walipofika kwa watoto akasema saba vilevile. Wakabishana tena, na mashine ikazimika tena. Mama, aliyekuwa anapita na sinia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, alishauri atumie kalamu, maana chumba kizima kilijaa karatasi. Baba mdogo alijibu kwamba wasifu wa mzee hauandikwi kwa mkono kana kwamba nyumba haina mtaalamu. Akatoa waya wa printa na kuuchomeka kwenye kompyuta. Ikawaka, akaandika mistari michache, ikazimika.

Kuzimika huko kwa haraka ndiko kulikomfungua macho. Aligundua kwamba ikipumzishwa inadumu, ikiwashwa ingali moto haidumu. Akagusa ubavu wa kasha, akaondoa mkono upesi. Alipofungua kwa bisibisi, feni ya ndani ilikuwa imevikwa pamba na vumbi mpaka imekwama, na mashine ilikuwa inajizima yenyewe isije ikaungua. Wala si umeme, wala si waya. Akaisafisha kwa mswaki wa zamani, akaizungusha kwa kidole, akaiacha mashine ipoe.

Ilipowaka, mvumo wa feni ulisikika chumba kizima. Bibi hakungoja swali. Alizungumza Kisukuma, kama alivyofanya kila alipokuwa hataki kukatizwa.

"Kabula alizikwa na baba yako," alisema. "Alichimba kwa jembe la shambani, peke yake, mimi nikiwa kitandani. Kesho mnamzika yeye. Nani atamwambia kwamba mtoto wake hamkumhesabu?"

Baba mdogo aliondoa mikono kwenye vitufe, akaiweka juu ya meza. Mimi niliogopa, maana sikuwahi kumsikia bibi akimwuliza mtu swali la namna hiyo.

"Sikujua, mayu," alisema baba mdogo, akimwita mama kwa Kisukuma. Akaandika saba, akaanza na Kabula, akahifadhi hapo hapo. Kesho yake wasifu uliposomwa kaburini, watu walitazamana kidogo, wakaendelea kusikiliza. Bibi alikuwa hajalia tangu msiba uanze. Alilia hapo.

Sasa naishi Maswa, na kazi yangu ni kuandika kwenye kompyuta mpakato. Ina betri yake, umeme ukikatika haina habari, na kila neno hulihifadhi yenyewe kabla sijanyanyua kidole. Kwa kazi naipenda. Misibani kwetu wasifu hukusanywa kwa simu. Kila mmoja hutuma anachokijua mara moja, na kabla chai haijapoa umeshachapwa. Mashine ya namna hii ingekuwapo siku ile, bibi angesema saba, baba mdogo angeandika sita, na sita ingehifadhiwa papo hapo.