Chungu Kilichotakiwa Kubaki Baridi

Mnicheke tu, mwenyewe nimeshajicheka. Mimi ni mpishi wa gesti hapa Kyela. Mwezi uliopita mwenye gesti, Mama Zuhura, alinunua maikrowevu, akanipa somo la dakika moja: "Usiweke sufuria. Humo kinachopata moto ni chakula, chombo hakipati."

Haya. Nikachagua chungu cha udongo, cha wafinyanzi wa Ikombe. Nikakiloweka kwanza, kama tunavyofanya siku zote ili kisipasuke, nikatia kipande cha samaki mbasa wa jana, nikakiingiza kwenye maikrowevu na kuiwasha. Nikawaita na wageni waje waone maajabu.

"Wengine wanashika kwa kitambaa," nikatamba, "mimi natoa kwa mikono mitupu!"

Nikakikumbatia. Mama yangu! Kaa la moto! Kumbe yale maji niliyokinywesha ndiyo yaliyochemka, lakini wakati ule ningejuaje? Nikakirusha. Chungu kikapasukia sakafuni, samaki akatua mapajani mwa mgeni mmoja mzee. Si nimeambiwa chombo hakipati moto?

Mzee akamgusa samaki kwa kidole, akanitazama kwa upole.

"Ndaga, mwanangu, asante kwa chakula. Ila mbona bado cha baridi?"