Mvua Inatoka Kitangari

Alfredi alifika kwenye kituo cha afya pale Newala asubuhi, shati limepigwa pasi, akawaamkia wazee wote waliokaa kwenye benchi kabla hajasogea dirishani kwa Bimdogo.

"Shikamoo, Mama Ashraf."

"Marahaba, baba. Habari za Kitangari?"

"Njema. Nimepita kushukuru tu. Nasikia mkono wa mke wangu hautapasuliwa tena, mfupa umekaa wenyewe." Akatabasamu. "Na Masasi nako si mbali, eti?"

Bimdogo akajibu kwamba kweli, si mbali. Alfredi akaaga kwa adabu ileile aliyoingia nayo, akapanda pikapu ya kampuni ya korosho iliyokuwa ikimngoja barabarani.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Alfredi kwamba mkewe yuko Masasi. Cecilia aliletwa kituoni na mama yake, mkono umevunjika, akasema ameteleza na ndoo ya maji. Mganga Barnaba alipomgeuza akaona alama za mkanda mgongoni, hakuuliza tena habari za ndoo. Cecilia aliomba jambo moja tu: mume asijue anakopelekwa. Alishawahi kwenda ofisi ya kijiji, akaambiwa ya nyumbani yakamalizwe nyumbani. Kwa hiyo Alfredi alipokuja kumwulizia, aliambiwa mgonjwa amepewa rufaa, basi, na akaondoka bila kubisha.

Habari za mfupa zilikuwa zimesemwa mahali pamoja. Asubuhi hiyohiyo Cuthbert wa hospitali ya Masasi alizisema kwenye simu ya upepo, ile redio ya kuitana, na aliyezipokea ni Bimdogo.

Kazi ya kuunganisha watu aliianza angali msichana, kwenye swichibodi ya simu pale Newala, na jambo la kwanza alilofundishwa ni kusahau. Unasikia mtu anafiwa, unasikia mtu anadanganya, unachomoa waya, umesahau. Upande wa Masasi alikuwapo Cuthbert. Walizungumza kila siku ya kazi kwa miaka mingi bila kuonana uso. Mashirika ya umma yalipoanza kupunguza watu, wote wawili walipunguzwa katika msimu mmoja. Baadaye vituo vya afya vikapata simu za upepo kutoka kwa wafadhili, wakatafutwa watu wanaojua kutamka maneno yakaeleweka, na Bimdogo akaisikia tena sauti ya Cuthbert masikioni mwake. Alilia kidogo siku hiyo, ingawa hakumwambia mtu.

Tofauti ilikuwa moja, na hakuipima sawasawa mpaka Alfredi aliposimama pale dirishani. Kwenye waya ulimjua aliye upande huu na aliye upande ule. Kwenye upepo unabonyeza kitufe, unasema, na maneno yanakwenda popote yanapotaka.

Miaka hiyo wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameruhusiwa. Zamani mkulima alikijua chama cha ushirika tu. Sasa kampuni zilikuja na maghala yao, mizani zao, na juu ya kila ghala antena ndefu, ili bei ya Mtwara ifike Kitangari kabla haijageuka. Alfredi alikuwa mtunza ghala wa kampuni mojawapo. Redio ilikuwa mezani kwake, na swichi yake ya kutafutia masafa iligeuka kila upande.

Hata hivyo Bimdogo hakuwa na hakika. Spika ya chumba chake ilikuwa na sauti kubwa na dirisha halifungwi vizuri. Huenda mtu wa kwenye benchi alisikia, akapeleka. Mambo hayo mawili hayakuwa na dawa moja. Akaamua kumtega.

Kesho yake alifunga mlango, akavaa hedifoni, akazima spika. Akamwita Masasi kama kawaida, akaomba damu na dripu, kisha akasema polepole, "Na yule mgonjwa wa mkono mwambieni mama yake ameleta mfuko wa nguo zake. Tumeuweka hapa ofisini, tutautuma na gari likija. Ova."

Hapakuwa na mfuko wowote. Mama yake Cecilia, Anastasia, hakuwa amekanyaga Newala tangu siku ya rufaa.

Jua halijageuka, pikapu ikasimama nje.

"Shikamoo, Mama Ashraf. Nimekuja kuuchukua ule mfuko."

"Mfuko upi, baba?"

"Wa mke wangu. Mimi ndiye mume, nitampelekea mwenyewe."

Bimdogo akainuka, akajifanya anatafuta nyuma ya kabati, akainama muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili uso wake usionekane.

"Nadhani dereva ameshauchukua," alisema.

Alfredi aliingiza kichwa dirishani, akalitazama kabati, akaitazama redio, mwishowe akamtazama yeye. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi Bimdogo.

"Haidhuru," akasema. "Nitajua huo mfuko uliko."

Sasa Bimdogo alikuwa na hakika, na hakika haikumpa usingizi. Angemwonyaje Cuthbert? Akisema hewani, Alfredi anasikia. Nyaya za simu ya kawaida zilikuwa zimeibwa kule bondeni na wauza shaba. Akienda mwenyewe kwa basi, nani angekaa na redio, na wajawazito wa uwanda mzima wanaitegemea? Akaketi, akiwa ameshika kipaza sauti bila kubonyeza kitufe, mpaka akakumbuka neno lao la swichibodi. Enzi zile msimamizi akija kusimama nyuma ya kiti chako, ulikuwa unamwambia mwenzako laini ina mvua. Mwenzako anaacha soga palepale, anaongea kazi.

"Masasi, Masasi, hapa Newala."

"Newala, nakupata, Mama Ashraf. Sema."

"Cuthbert, laini ina mvua leo."

Ilikuwa kiangazi, mbingu nyeupe, udongo mwekundu unapeperuka mpaka ndani ya vikombe. Bimdogo akaanza kuhofu kwamba Cuthbert amelisahau neno lile.

"Nimeisikia," Cuthbert alijibu hatimaye, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Inatoka wapi? Ova."

"Inatoka Kitangari."

"Nimepata. Kitangari."

Bimdogo akashusha pumzi. Kisha, kwa kutaka kumwelekeza Alfredi pembeni, akauliza kama mgonjwa wa mkono ataruhusiwa. Cuthbert akaelewa mchezo, akasema ataruhusiwa Jumamosi, atarudi Newala kwa basi la asubuhi. Hesabu ya Bimdogo ilikuwa kwamba Alfredi atamngoja stendi ya Newala, na huku Cecilia ataondoka Masasi kwa njia nyingine.

Alfredi hakungoja Jumamosi. Ijumaa asubuhi Anastasia aliingia kituoni anahema, viatu mkononi, miguu myekundu kwa vumbi.

"Mama Ashraf, amepanda lori la korosho. Nimemwona kwa macho yangu. Amemwambia jirani anakwenda kumchukua mkewe mwenyewe, asije akapotea njiani."

Bimdogo alielewa mara moja. Uongo wake ndio uliomharakisha.

"Masasi, Masasi, hapa Newala."

Mvumo tu.

"Masasi, Masasi, hapa Newala, jibu."

Akaita tena na tena. Anastasia alisimama mlangoni, mikono kichwani. Mwishowe sauti ikajitokeza, lakini haikuwa ya Cuthbert.

"Newala, hapa Tandahimba. Masasi hayupo hewani. Una ujumbe nikushikie? Ova."

Alikuwa kijana mwema wa kituo cha Tandahimba, na Bimdogo hakuweza kumpa hata neno moja. Malori yenyewe ya kampuni yalikuwa na redio. Huenda Alfredi alikuwa ameketi karibu na dereva wakati huo, anasikiliza.

"Hapana, Tandahimba. Asante. Nitangoja."

"Mwambie!" Anastasia akapiga kelele. "Mwambie wamfiche mwanangu!"

"Nikisema hivyo, mama, nimemwambia na yeye."

Anastasia akakaa chini sakafuni. Bimdogo akaendelea kuita. Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka ndipo Cuthbert akajibu. Alisema alikuwa nje akihangaika na jenereta.

"Cuthbert, ile mvua imeondoka Kitangari. Iko njiani kwenu. Imo kwenye lori."

"Nimepata," akasema, na hapohapo akazima. Hata ova hakusema.

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Mchana ule kituo kimoja cha bondeni kiliita kuhusu mama aliyekuwa akivuja damu, na Bimdogo akamtafutia gari, akaeleza njia, akatuliza watu, sauti yake haitikisiki, huku jicho moja liko kwa Anastasia aliyelala pale chini amejifunika kanga mpaka usoni. Watu wa benchi waliambiwa ni malaria. Chai iliyoletwa ilipoa.

Adhuhuri ilishapita, kivuli cha antena kimeanza kurefuka uani, redio ilipokohoa.

"Newala, hapa Masasi."

"Nakupata, Masasi."

"Mvua imenyesha hapa. Imepiga kelele sana, imevunja kioo kimoja cha wodi. Hakuna aliyelowa. Ova."

Bimdogo akabonyeza kitufe mara mbili tu, ili Cuthbert ajue amesikia.

Alfredi alikuta kitanda kitupu. Alimtikisa muuguzi, akarusha kiti dirishani, walinzi wakamshika. Polisi walimweka ndani kwa ajili ya kioo. Habari za mkono wa Cecilia hawakumwuliza.

Alitoka rumande. Alirudi Kitangari, na wiki iliyofuata alikuwa dirishani tena, na safari hii hakuamkia.

"Mnacheza na ndoa za watu kwenye redio yenu."

"Wewe ulizijuaje habari za redio yetu?" Bimdogo aliuliza.

Kwenye benchi watu waligeuka. Alfredi akatazama huku na huku, akatema mate mchangani, akaondoka. Bimdogo hakutembea peke yake tena msimu ule wote. Mwanawe Ashraf alimfuata kila jioni mpaka nyumbani. Korosho zilipokwisha kampuni ililifunga ghala, Alfredi akaenda nayo, Lindi au Tunduru, kila mtu alisema lake.

Mganga Barnaba alipoelezwa yote alikasirika kwanza. Kwa nini uongo usemwe kwa jina la kituo bila yeye kujua? Bimdogo akamwomba radhi kwa hilo, na hakuomba kwa lingine. Baadaye mganga mwenyewe alisafiri mpaka Masasi, na tangu hapo wagonjwa hawakutajwa tena hewani. Kila mmoja alipewa jina la mti, na majina yalibadilishwa kila gari la wagonjwa lilipokwenda na kurudi, dereva akiyabeba kichwani. Wengine walilalamika. Mara moja Mkwaju na Mkwakwa walichanganywa, dawa za mmoja zikaenda kwa mwingine, nusura iwe balaa. Waliendelea hivyohivyo.

Aliyeumia muda mrefu ni Anastasia. Alikuja mara nyingi kuuliza mwanawe alipelekwa wapi siku ile, na Bimdogo alimjibu kweli tupu: hajui, wala hakuuliza. Anastasia hakuamini. Aliona anafichwa kana kwamba naye ni adui. Ikafika wakati wanakutana kwenye foleni ya maji, anageuza uso, salamu haitoki. Bimdogo alichota maji yake akaondoka.

Mvua za kweli zilikuja, mihogo ikachipua. Asubuhi moja Anastasia akapita kituoni amevaa kanga mpya, akasimama dirishani.

"Nimetoka safari," alisema. "Nimemwona. Mkono umenyooka, anachota maji mwenyewe."

"Alhamdulillahi," Bimdogo alisema. "Yuko..." Akajikamata, akafunika mdomo.

Anastasia akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya lori.

"Uliza tu, Mama Ashraf. Sikuambii."