Niliacha Shofere Wangu Aitwe Musaliti

Wasomaji, aliyekosa ni mimi. Musisingizie vita, musimusingizie shetani. Ni mimi! Kuna wengine pia ambao siwezi kuwafikiria bila kukunja ngumi, lakini hasira yangu ya kwanza ni juu yangu mwenyewe.

Nilikuwa askari wa blende, yale magari ya chuma yenye bunduki kubwa juu, yanayotangulia mbele ya kikosi kwenda kuchungulia barabara. Tulipopita mutaa wa Majengo watoto walikimbia nyuma yetu wakishangilia, wanafikiri ndani ni raha. Raha gani! Ndani ni joto na harufu ya mazutu, mafuta ya injini, magoti yanagonga chuma, na dunia unaiona kupitia kidirisha kisichozidi kiganja. Injini inanguruma hata ukishuka masikio bado yanalia. Umekuwa nusu kipofu na nusu kiziwi, na kazi yako ni kuona na kusikia!

Ndiyo maana tulifundishwa: ukifika mahali usipopaamini, zima injini, shuka, tembea kwa miguu, lala chini, angalia. Kisha useme ukweli kwenye radio. Wanaokuja nyuma wanatembea juu ya neno lako.

Mimi nilikuwa shefu, mukubwa wa gari. Shofere wangu, aliyeshika usukani, nitamuita Faustin, lakini si jina lake. Mutu wa Rutshuru, baba wa watoto, mutu wa sala. Kwao wanasema Kinyarwanda, luga ambayo adui wetu pia walikuwa wanasema. Mimi wazazi wangu wametoka upande wa Bukavu. Tulikula kwenye sahani moja. Mama yangu alipofariki, Faustin alibeba sanduku pamoja na ndugu zangu. Wa tatu wetu alikuwa mupiga bunduki, mutu wa maneno machache.

Asubuhi ile tulikuwa tunapanda upande wa Kibumba. Manyunyu, baridi. Tukafika chini ya kilima, pale barabara inapokunja kona. Kushoto na kulia mashamba ya viazi na kabichi, na hakuna mama hata mumoja anayelima. Kibumba, asubuhi, mashamba matupu! Niliona, ndugu zangu. Sitawadanganya kwamba sikuona.

Faustin akazima injini. "Shefu, tushuke tuangalie. Hapa hapanipendezi."

Nilikuwa nimeshafungua mufuniko nishuke, radio ikapiga kelele. Kapiteni wetu, yuko kule nyuma kabisa ndani ya jeep yake.

"Munafanya nini pale? Kamyo zilizobeba askari zinangoja! Muko ndani ya chuma na bado munaogopa? Njia iko aje?"

"Kapiteni, nipe muda kidogo nishuke..."

"Nimekuuliza njia iko aje! Ao nitume mwanaume mwingine?"

Mwanaume mwingine! Kwenye radio, kikosi kizima kinasikiliza! Damu ikanipanda kichwani. Nikabonyeza, nikasema: "Njia iko safi. Mupite."

Faustin akageuka. "Shefu, hatujaangalia."

"Funga mudomo. Weka gari pembeni."

Kamyo zikatupita, zimejaa vijana wamejikunyata kwa sababu ya mvua. Mumoja akatupungia mukono, anacheka: "Asante, blende!" Kisha wakakunja kona.

Yaliyofuata sitaeleza yote. Adui alikuwa amelala ndani ya yale mashamba. Faustin hakungoja amri yangu. Aliendesha mpaka katikati ya risasi, akaliweka gari kingamo barabarani likawa ukuta, na wale waliobaki hai wakatambaa nyuma yake. Bila yeye, hakuna ambaye angerudi. Yule kijana aliyetushukuru tulimurudisha amefunikwa uso.

Kesho yake wakafungua uchunguzi. Maofisa walikuja kukaa kwenye meza uwanjani kambini, kapiteni wetu kati yao, amenyoa vizuri. Ni yeye aliyeniuliza.

"Shofere wako ni mutu wa wapi?"

"Wa Rutshuru."

"Kwao wanasema luga gani?"

Nilijua swali lile linaenda wapi. Nilijua! Na bado nikajibu: "Kinyarwanda."

Akaegemea kiti, akawaangalia wenzake. "Munasikia? Yeye ndiye alimudanganya shefu wake kwamba njia iko safi. Si hivyo?"

Sauti iliyosema njia iko safi ilikuwa yangu. Kapiteni aliisikia kwa masikio yake! Lakini angesema hivyo, wangemuuliza nani alikuwa ananiharakisha. Mupiga bunduki aliniangalia, anangoja shefu wake aanze ili naye aseme. Nikaangalia viatu vyangu.

"Si hivyo?"

"Ndiyo, kapiteni."

Neno lile tu. Wakamukamata Faustin palepale uwanjani, wakamupiga kwa vitako vya bunduki, hata wale aliowaokoa jana yake nao walimupiga. Alikuwa anaita, "Shefu! Shefu, waambie!" Vidole vya mikono aliyoendeshea gari wakavivunja. Wakamutupa kasho, gereza la jeshi. Mimi nikapewa pole na mapumziko. Kapiteni akapandishwa cheo! Aliyewasukuma vijana kwenye kifo akavishwa alama mupya begani, na mimi nilisimama kwenye musitari nikamupigia saluti. Saluti!

Nilienda kuungama kwa padri. Alinipa sala na akaniambia niende kusema. Sala nilisali. Kusema sikusema.

Nilitoka jeshini baadaye. Faustin alikuwa ameshaachiliwa, bila hukumu, bila mutu kumuambia samahani. Nikamutafuta nyumbani kwake, mutaa wa Ndosho. Mulango ulifunguliwa na bibi yake, mama wa watoto wake. Aliponitambua alitaka kuufunga, Faustin akasema kutoka ndani, "Mwache aingie."

Nikapiga magoti. Nikalia. Nikasema yote.

Alisikiliza, vidole vyake vimepinda juu ya mapaja. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Humu ndani nani hajui kwamba sikufanya?"

Nikageuka kumuangalia bibi yake pale mulangoni.

"Bibi yangu anajua. Watoto wangu wanajua. Wanaitwa watoto wa musaliti huko nje, barabarani. Wewe unakuja kulia humu ndani. Enda ukalie kule."

Nilimupigia simu ofisa mumoja aliyekuwa kwenye ile meza, nikamuomba wafungue uchunguzi upya niseme ukweli. Alicheka. "Muzee, mambo yale yameisha. Kaa kimya, ulinde pensheni yako." Yameisha! Kwa nani yameisha?

Basi ninaandika hapa. Na angalia uoga wangu: hata leo ninaficha jina langu! Lakini kwa majirani wa Faustin nitaenda kwa uso wangu, nyumba kwa nyumba, wanitemee mate kama wanataka.

Wewe unayesoma, askari ao raia, sikia. Siku mambo yataharibika na mukubwa atakuuliza mwenzako ni wa wapi na kwao wanasema luga gani, ujue wameshamuchagua, wanangoja wewe umufunge kamba. Usijibu lile swali! Sema ulichofanya wewe. Sema palepale, mwenzako angali anaita jina lako.