Wimbo Mmoja, Wenyewe Wawili

Jina la Mama Kamera hakulipata kwa bahati. Hapakuwa na harusi mtaani ambayo hakuipiga video, akipanda juu ya viti vya watu na raba zake huku akimwambia bibi harusi, "Usilie kwanza, mwanangu, nabadilisha betri." Na kwa miaka yote hiyo, video zake aliziwekea wimbo wowote uliompendeza. Kwake wimbo ulikuwa kama upepo. Nani anauliza upepo ni wa nani?

Kisha akatengeneza filamu. Fupi, lakini filamu hasa: kisa cha kinyozi anayetamani kuwa mcheza dansi. Kinyozi mwenyewe alikuwa mume wake, ambaye kweli ni kinyozi, na ambaye hakuhitaji kukodiwa kwa kuwa alikuwa hapo hapo nyumbani. Mwisho wa filamu, wimbo wa zamani unalia redioni, naye anamwacha mteja kichwa nusu kimenyolewa, nusu msitu, anaanza kucheza na kile kiti cha kuzunguka kama vile ndiye mchumba wake.

Filamu ikachaguliwa kuonyeshwa kwenye ukumbi mkubwa wa mji. Mama Kamera alipiga vigelegele peke yake jikoni hadi jirani akaja mbio kuuliza nani kaolewa. Furaha hiyo haikumaliza hata siku. Dada anayesimamia maonyesho alipiga simu.

"Hongera, mama. Kibali cha ule wimbo wa mwisho kiko wapi?"

"Kibali? Wimbo ule niliununua, mwanangu! Kaseti ninayo mpaka leo."

"Ulinunua wa kusikiliza. Mtu akilipa nauli, anashuka na basi?"

Mama Kamera akaishusha kaseti aliyokuwa ameinyanyua kama ushahidi.

"Na wenyewe ni wawili," dada akaendelea. "Yuko aliyeutunga na yuko mwenye rekodi. Chukulia wimbo ni mtoto, rekodi ni picha yake. Ukiitaka ile picha, unamwomba mzazi, na unamwomba mpiga picha pia. Wasaini kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo filamu haionyeshwi."

Kwa mfano huo Mama Kamera alielewa mara moja. Yeye mwenyewe aliwahi kugombana mpaka nusura warushiane viatu na mtu aliyechapa kalenda kwa picha zake bila hodi.

"Si uweke wimbo mwingine tu?" mume wake akauliza.

Wakajaribu. Walipoweka wimbo wa haraka, kinyozi akaonekana kama mtu aliyeingiwa na siafu kwenye suruali. Walipoweka wa taratibu, akawa mlevi anayetafuta funguo zake. Wakaondoa muziki kabisa.

"Hapo sasa," mume akasema akiiangalia kompyuta kwa masikitiko, "mimi nahitaji kuwahishwa hospitali."

Mwili ulikuwa umecheza wimbo ule, na wimbo ule ndio uliotakiwa.

Mama Kamera akakaa chini kuandika kibali. Lakini maishani mwake karatasi za kusainiwa alizozijua vizuri zilikuwa hati za ndoa, zile anazozipiga picha kila wiki. Basi akakiandika kwa mtindo uleule: mtunzi kulia, mwenye rekodi kushoto, na chini nafasi ya mashahidi, mmoja wa kila upande. Akakisoma, akakipenda mno.

Mtunzi alikuwa fundi seremala nyuma ya soko. Fundi alipangusa maranda mikononi, akaipokea karatasi na kuisoma akiwa anatabasamu. Tabasamu liliishia upande wa kushoto.

"Shemeji, huyu hapa ni nani?"

"Mdogo wako, mwenye studio."

"Naomba uiondoe karatasi yako kwenye mbao zangu."

"Jamani, fundi!"

"Jina langu halilali karatasi moja na lake. Bila sauti yangu, mashine zake zingerekodi nini? Vyura?"

Studio ya mdogo mtu ilikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo, urithi wa baba yao. Mtaa mzima ulijua kwamba mdogo akianza kurekodi, kaka anawasha msumeno wa umeme. Na kaka akijilaza mchana, mdogo anajaribu spika, tena zile kubwa za ngoma.

Huko studio mambo yakawa yaleyale.

"Bila mashine zangu angekuwa anaiimbia randa mpaka leo," mdogo akasema. "Mwambie afute jina lake, nitasaini sasa hivi."

"Akilifuta, shemeji, nitakuwa na kibali cha nani?"

"Changu. Kinatosha."

Kila siku Mama Kamera aliuzunguka ukuta ule, akibembeleza huku, akisihi kule, mpaka Alhamisi ikamkuta amechoka kama punda wa kukodi. Akarudi nyumbani, akafungua kompyuta amalizie walau kazi ya watu. Ilikuwa harusi ambayo baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi walikataa katakata kusimama pamoja. Alichofanya ni kumpiga video kila mmoja peke yake mbele ya pazia lilelile, kisha akawaunganisha. Sasa kwenye video walikuwa wanatabasamiana kama mapacha.

Mama Kamera akaiangalia. Akairudisha nyuma, akaiangalia tena.

"Mume wangu! Nani aliniambia iwe karatasi moja?"

"Wewe mwenyewe."

Akampigia simu dada wa maonyesho. "Mwanangu, lazima hawa watu wasaini pamoja?"

"Nani kasema hivyo? Kila mtu anatoa ruhusa ya kilicho chake. Ni vibali viwili, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Juzi ulikuwa unanieleza habari za mashahidi. Nilidhani unaozesha mtu."

Ijumaa asubuhi Mama Kamera alitoka na karatasi mbili. Mdogo mtu aliigeuza yake mbele na nyuma akilitafuta jina la kaka, akalikosa, akasaini na kugonga muhuri kwa kishindo. Ikabaki ile ya fundi.

"Kwanza nione mmeufanyia nini wimbo wangu," fundi akasema. "Niliutunga nikimposa mke wangu."

Mama Kamera akaikumbatia kompyuta kifuani. Wimbo wa uchumba, na yeye kauwekea kiti cha kinyozi! Akaiweka kompyuta juu ya meza ya kazi. Fundi akatazama bila kupepesa, penseli sikioni, mpaka mwisho.

"Huyu mteja wa nusu kichwa," akauliza, "anafanya nini?"

"Anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Wimbo uishe."

Mabega ya fundi yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Mimi nilipokuwa nautunga huu, kuna mtu alilala chini wiki nzima. Kitanda chake kilikuwa hapa, hakina miguu." Akachomoa penseli, akakumbuka kwamba penseli hufutika, akaomba kalamu. Kabla ya kusaini akainua kidole. "Filamu hii tu. Nikiusikia kwenye video zako za harusi, nakuja na msumeno."

Mama Kamera akasali kimoyomoyo kwamba fundi asije akaonyeshwa video ya harusi yoyote ya zamani.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa, ndugu wawili wakakaa kila mmoja pembe yake. Kinyozi alipoanza kuzunguka na kiti chake, watu walicheka mpaka wakasimama. Kisha yakatokea majina: la kaka kulia, la mdogo kushoto, kwa wakati mmoja, na kinyozi anacheza katikati. Mama Kamera alikuwa amezipima herufi zisipitane ukubwa hata nukta.

Taa zilipowashwa tu, mdogo mtu akasimama.

"Shemeji! Mbona jina lake limejaza upande mzima?"

"Ni refu, shemeji."

"Na langu je?"

"Hilo kamuulize baba yenu!"

Kutoka pembe ya pili sauti nzito ikajibu, "Wewe alikupa jina akiwa na haraka, bwana mdogo!"

Mdogo mtu akageuka. Miaka mingi msumeno tu ndio uliokuwa ukimsemesha.

"Na wewe alikupa hilo," akapaza sauti, "kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kukupa!"

Wakaendelea hivyo, kwa sauti ya juu, mpaka mlinzi wa ukumbi akawaomba wakamalizie nje. Wakatoka kwa mlango mmoja.