Mpima Mabaki

Mama anayetunza panya wa maabara yetu hubisha hodi kabla ya kuingia chumbani mwao, utadhani anaogopa kuwakuta hawajavaa. Kila asubuhi hukusanya mabaki ya chakula chao kwa brashi ndogo, huyapima, hulamba ncha ya penseli, ndipo huandika. Aliyekula kidogo humwambia, "Pole, baba." Mimi ndiye mtaalamu. Nachunguza vipokezi vya ubongoni vinavyopokea ujumbe wa njaa, na dawa yangu huviziba. Panya wote walikonda isipokuwa wa tundu la saba, ambaye chakula chake hakukigusa lakini alizidi kunenepa. Wiki tatu nzima nilimwinamia, chini ya tangazo la "Marufuku kula humu" lenye sahihi yangu mwenyewe, biskuti mdomoni, nikimtungia nadharia ndefu. Moyoni nilishajiita profesa.

Jana yule mama alinisimamisha mbele ya tundu hilo, akanipangusa koti kifuani kwa brashi yake, taratibu, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Chembe zilizodondoka akazimimina kwenye mizani. Gramu mbili. Hakucheka. Alilamba penseli, akaandika.

"Ukimwinamia, zinamwangukia," alisema. "Dawa yako njaa inaiweza, Daktari. Biskuti haiziwezi."

Nilimshukuru, nikaomba radhi, na aibu ikanishika mpaka nikasikia njaa.