Punje za Mfuko wa Kushoto

Serikali ilimlipia mwalimu mwenzangu semina ya Uyole kuhusu upendeleo ambao mwalimu huwa nao bila kujijua. Tangu arudi hapa Rujewa, mwenzangu hufundisha na kopo la mahindi mezani. Kila akimwita mtoto wa mkulima hutia punje mfuko wa kulia. Akimwita wa mfugaji, na hao ni nusu ya darasa, hutia mfuko wa kushoto. Vidole vyake vyenye chaki hupapasa mifuko siku nzima.

“Umelishwa wali wiki nzima, umerudi kucheza bao?” Mwalimu Paskalina humtania.

“Mimi sibagui, dada. Nataka uhakika tu.”

Jana alizimwaga punje mezani: kulia kumi na tisa, kushoto moja. Alizitazama mpaka Paskalina akaacha kucheka.

“Na huyu mmoja,” mwenzangu alisema, “nilimwita afute ubao.”