Mbuzi wa Nuu na Matundu Yasiyoonekana

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya visigino virefu. Nilikuwa nimetoka Kalamba na shahada yangu ya biokemia, nikiamini kwamba mwanasayansi hukaa kwenye stuli akatazama darubini mpaka saa ya kwenda nyumbani. Mkuu wa Idara, mzee mrefu asiyependa salamu nyingi, alinitazama kuanzia miguuni, kisha akanipeleka nyuma ya maabara palipofungwa kondoo dume.

"Mshike," akasema. "Tunataka damu yake."

Nikamshika. Viatu vikaharibika siku hiyo hiyo, na mimi nusura niache kazi kwa hasira.

Vijana wakiniuliza nilikuwa nikifanya nini miaka yote ile, huanzia kwa kondoo yule. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando, ngozi nyembamba ya mafuta inayoamua kipi kiingie na kipi kitoke. Sasa wako bakteria wanaotengeneza sumu ambayo kazi yake ni moja tu. Protini za sumu hiyo hutua juu ya utando, hushikana katika duara, kisha huzama na kuacha tundu katikati. Chumvi za ndani huvuja, maji huingia, seli huvimba na kufa. Kipimo chetu kilikuwa damu ya kondoo. Tulichanganya seli zake nyekundu na kile tulichokishuku, na kama sumu ilikuwa na nguvu ya kuzitoboa, maji yaliyokuwa na ukungu yaligeuka mekundu, maangavu.

Mkuu wa Idara alinifunza jambo moja ambalo sikulithamini wakati ule. "Mueni," alikuwa akisema, "seli inajibu kile ulichoiuliza. Usiisingizie jibu la swali lingine." Nilimwona msumbufu. Leo ningempikia chai kama angekuwa hai.

Kutoka kwake nilihamishiwa Makueni, kwenye utafiti wa ugonjwa wa viwele. Huko Mkuu wa Utafiti alikuwa mama mcha Mungu aliyeombea kila mashine kabla ya kuiwasha, na kwa umeme tuliokuwa nao sikumlaumu. Kisha nikapelekwa Kitui, kwenye kituo kidogo cha kupima magonjwa ya mifugo. Hapo ndipo alipokuja Mwaitu Kalekye, yaani Mama Kalekye kwa Kikamba.

Alitoka Nuu na kikapu kilichojaa barafu ya muuza soda wa Mwingi. Ndani ya barafu mlikuwa na kipande cha utumbo wa mbuzi, kimefungwa uzi pande zote mbili kama afisa wa mifugo alivyomwelekeza. Nikampa kiti. Hakukaa.

"Daktari, mbuzi wa mtoto wangu Kioko wanakufa," akasema. "Wale walioanza kunona ndio wanaanguka kwanza. Jioni mbuzi yuko sawa, asubuhi ameshakauka. Na Kioko anasema ni ndugu yake Musembi ametia dawa kwa silanga."

Silanga ni bwawa la kunyweshea mifugo, na ndugu hao wawili walikuwa wamegombania mpaka wake tangu baba yao alipofariki. Mbuzi wa Musembi walikunywa maji hayo hayo na hawakufa. Huo ndio ulikuwa ushahidi wote.

"Sasa wazee wameweka Jumamosi, wakule kithitu."

Mtu wa Ukambani haambiwi mara mbili kithitu ni nini. Ni kiapo cha kale, na kwa imani ya watu wa kule kinaua jamaa ya mwongo. Ndugu wakishakula kiapo hicho wao kwa wao, hawashiriki chungu tena, wala anayekula kwa mmoja hawezi kula kwa mwingine. Mchungaji alikuwa amekataza. Kioko akamjibu kwamba kanisa halikumrudishia mbuzi.

"Mimi sikuja kulilia mbuzi," akasema Mwaitu. "Mbuzi wamekufa, wamekufa. Lakini hawa wakiapa, mimi nitakula kwa nani?"

Nilipima siku hiyo hiyo. Nilichuja maji ya utumbo, nikayatia kwenye damu ya kondoo, nikangoja. Maji hayakugeuka. Mkuu wa Kituo akasimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Andika hakuna sumu ya bakteria. Kwisha."

"Bado sijauliza figo, bwana mkuu."

"Mama, hapa tunapima sampo. Mambo ya ndugu waachie wazee wao."

"Nikiandika hivyo, wazee watasoma kwamba Musembi ndiye aliyeua."

"Na kama ndiye?"

Swali lake lilikuwa la haki, na liliniuma kwa sababu hiyo. "Basi nitaandika," nikamwambia. Akanywa chai yake yote kabla ya kunipa ruhusa. "Nenda Nairobi. Lakini sampo ikiharibika njiani, usiniletee hadithi."

Nilichokuwa nikikishuku kilikuwa hiki. Kuna sumu ya utumbo wa mbuzi ambayo haitoboi seli nyekundu hata kidogo, kwa kuwa haina pa kutua juu ya utando wake. Pa kutua inapapata kwenye figo na kwenye ubongo. Tena hutoka kwa bakteria ikiwa imelala, mpaka kimeng'enya cha utumbo kiikate kipande, ndipo inaamka. Kwa hiyo damu ilikuwa imenijibu vizuri kabisa, ila nilihitaji kuuliza seli nyingine.

Katika maabara kuu ya Nairobi kulikuwa na seli za figo zilizooteshwa kwenye visahani. Niliiamsha sumu kwa kimeng'enya, nikaitia kwenye visahani viwili. Katika kimoja niliongeza kinga inayozuia sumu ile na si nyingine. Kisha nikatia rangi ya buluu, ambayo seli nzima huikataa na iliyotobolewa huimeza. Kisahani kisicho na kinga kikawa buluu tupu. Chenye kinga kilibaki cheupe. Nilikaa kwenye stuli nikalia, na hilo sikuliandika kwenye ripoti.

Jumamosi nilifika Nuu wazee wakiwa wameshakaa. Nilieleza kwa Kikamba, polepole. Kioko, mwanamume mkubwa mwenye sauti ya chini, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hao bakteria nani aliwatia?"

"Hakuna aliyewatia. Hata mbuzi mzima anao, wachache. Kiangazi wanakaa na njaa kama mbuzi mwenyewe. Akila vinono kwa ghafla, wanazaana na kumwaga sumu."

Mzee mmoja akauliza mbona wa Musembi hawakufa. Musembi akajibu mwenyewe, macho chini. "Wangu sikuwa na kitu ya kuwapa. Walikula miti tu."

Kioko akamtazama ndugu yake.

"Mvua iliponyesha niliwaachilia kwa majani," akasema. "Jioni nikawapa mahindi. Walikuwa wamebaki mifupa, nikawahurumia." Akanitazama. "Kwa hivyo ni mimi."

Sikuwa na kipimo cha jambo hilo. "Uliwapenda kwa haraka, mwanaasa," nikamwambia, yaani ndugu yangu. Nilijua ni jibu dogo.

Wazee wakakiondoa kiapo. Mke wa Musembi akaleta muthokoi wa mahindi na maharagwe, na watu wote wakamtazama Kioko. Akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda zake bila kuonja. Mwaitu alimfuata kwa macho mpaka akapotea kichakani.

"Ameenda," akasema, "lakini hajaapa." Kisha akavuta bakuli, akala.

Niliendelea na kazi mpaka nikastaafu. Siku hizi mbuzi wa Nuu wanachanjwa kabla ya mvua, na wanafunzi wangu wana darubini zinazoonyesha tundu lenyewe, protini saba zimekaa duara. Nililiona mara moja kwenye kioo cha kompyuta, nikashangaa jinsi lilivyo zuri. Mimi nafuga mbuzi wachache hapa Kalamba, na mvua ikinyesha nawalisha kidogo kidogo, majirani wakinicheka kwamba nina uchoyo.

Kioko hakuwa amesema nami tangu Jumamosi ile. Mwaka huu, asubuhi moja, simu ikalia, nikaitambua ile sauti ya chini.

"Daktari, mwaitu ametuacha."

Nikampa pole. Hakukata simu.

"Jana jioni alikula kwa Musembi," akasema. "Leo asubuhi akanywa uji kwangu, akaomba alale kidogo." Nikamsikia akivuta pumzi. "Kikombe hakijaoshwa bado. Nimeona nikuambie wewe, kwamba alikula kwetu sote wawili."